Uzinduzi wa Mtambo wa Kunasa Moshi wa Dohani Kuu

(Ilisomwa saa nne na nusu asubuhi mbele ya ukuta wa kusini wa kiwanda cha umeme. Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Unasaji amesimama jukwaani. Nyuma yake, katikati ya ukuta, limetundikwa shuka jeupe linalofunika kitu kitakachozinduliwa. Kando ya shuka limesimama tangi kubwa, na bomba moja linatoka katika tangi na kuingia ukutani. Juu kabisa, dohani ya kiwanda iko kimya. Haitoi hata uzi wa moshi.)

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Vibali, uliyesafiri kutoka makao makuu ndani ya gari lililofungwa vioo vyote ili usiivute hewa yetu kabla hatujakusafishia, Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti, Mheshimiwa Msaidizi wa Naibu Mwenyekiti, Mheshimiwa unayekaimu nafasi ya Msaidizi pale Msaidizi anapokuwa semina, yaani kila siku, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Unasaji, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Unasaji, na wajumbe wa Kamati Maalumu iliyoundwa kuchunguza kwa nini Kamati Ndogo ina watu wengi kuliko Kamati Kuu, washauri elekezi mliofika, mlio njiani, na mliotuma ripoti badala ya kuja, viongozi wa dini zote, Meneja wa kiwanda, mafundi wa tanuri, wakazi wa kichochoro cha nyuma ya kiwanda, mliokuja na viti vyenu wenyewe, na wewe, Mama Dobi, ninayekuona hapo mstari wa pili umeibana bahasha kwapani kana kwamba kuna mtu atakupora: mabibi na mabwana, nimewataja wote, na ambaye hakusikia cheo chake ajihesabu kuwa yumo ndani ya neno hilo "wote."

(Makofi kutoka mstari wa kwanza. Mstari wa pili wanajipepea.)

Kwa mkono huu wa kulia, ninawasalimu.

(Mwenyekiti anainua mkono. Kicheko. Kiganja chake ni cha kijani kibichi, kuanzia ncha za vidole hadi karibu na saa.)

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu. Lakini mtu anayeyatumikia mazingira usiku na mchana, mazingira nayo humwingia mpaka kwenye ngozi. Nimeamka hivi asubuhi ya leo, nimenawa kwa sabuni mara tatu, na kijani hiki kimekataa kutoka. Mimi nimekipokea kama nishani.

(Sauti kutoka nyuma: "Nishani inanuka tapentaini, Mzee Asilimia!" Kicheko kikubwa zaidi.)

Nimemsikia aliyesema. Jina hilo la utani silichukii. Kiongozi asiye na asilimia ni sawa na saa isiyo na mishale.

Kwanza niweke wazi utaratibu. Hotuba hii ina kurasa kumi na moja. Imeandikwa na Katibu wangu, yule aliyekaa karibu na jenereta, ikapitiwa na vikao sita, na kila ukurasa umegongwa mhuri. Hotuba iliyogongwa mhuri hairukwi mstari. Mwenyekiti aliyenitangulia aliruka mstari mmoja tu siku ya kumuaga mgeni, na mstari huo ndio uliokuwa unaomba barabara. Mpaka leo tunapita kwenye matope. Mimi kila kilichoandikwa nitakisoma, na kila nitakachokisoma kimeandikwa, vuta pumzi, watazame watu kwa upendo.

(Mwenyekiti anavuta pumzi na kuwatazama watu kwa upendo. Katibu anajishika kichwa.)

Kilichotukusanya hapa ni hiki. Kibali cha dohani hii kinaisha leo saa sita mchana. Wakazi wa kichochoro cha nyuma, wakiongozwa na Mama Dobi, waliandika malalamiko, watu mia tatu na tisa wakatia dole gumba, wakidai kwamba kibali kisiongezwe na tanuri lizimwe moja kwa moja. Malalamiko hayo yamo katika bahasha ile iliyo kwapani. Nami, kwa hekima ambayo nisingeitaja kama angekuwepo mwingine wa kuitaja, niliwaita tukakaa, tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, kwamba nitajenga mtambo wa kunasa hewa ya ukaa yote inayotoka katika dohani. La pili, kwamba siku Mama Dobi atakapouona mtambo huo kwa macho yake mwenyewe, atanikabidhi bahasha mbele ya hadhara, na Mheshimiwa Mkaguzi atatia saini kibali kipya cha miaka ishirini. Siku hiyo ni leo. Mtambo uko nyuma ya shuka. Bahasha, naona, bado iko kwapani.

(Mama Dobi: "Itatoka nikishaona, baba." Wifi yake aliyekaa kando yake, kwa sauti ambayo ilikusudiwa kuwa ndogo: "Ibane hivyo hivyo." Kicheko.)

Utaona, mama. Usiwe na haraka. Mtambo wenyewe haukuwa na haraka.

Nianze na elimu. Makaa ya mawe ni nini? Ni misitu ya kale iliyozikwa ardhini kabla hata kamati ya kwanza haijaundwa. Tunapoyachimba na kuyachoma, tunapata umeme, na pamoja na umeme tunapata vitu viwili: moshi mweusi, ambao kila mtu anauona na kila mtu anausema, na hewa ya ukaa, ambayo haionekani, haina harufu, haimchafulii mtu shati, bali hupanda juu ikatanda kama blanketi, na dunia ikalala chini yake ikitoka jasho. Mvua zikachelewa, halafu zikaja zote siku moja. Joto likapanda. Barafu za mbali zikayeyuka bila kuomba ruhusa. Hayo si maneno yangu, ni ya wataalamu, nami niliyakubali baada ya kuyapeleka kwenye kikao, ambako yalipita kwa kura nane dhidi ya tatu.

(Makofi. Mjumbe mmoja wa wale watatu anatazama chini.)

Sasa basi, wako watu wenye fikra fupi wanaosema: acheni kuchoma. Hilo ni wazo la mtu ambaye hajawahi kuongoza chochote, hata foleni ya maji. Tusipochoma, tutanasa nini? Mtambo wa kunasa ni kama mtego, na mtego usio na kitu cha kunasa ni aibu kwa aliyeutega. Kwa mantiki hiyo, na kwa mujibu wa Mpango Mkakati wa Unasaji Jumuishi, awamu ya kwanza, Kamati imepitisha kwamba kibali kikishatoka tutaongeza dohani mbili pembeni ya hii moja, ili uwezo wetu wa kunasa ukue mara tatu. Mwenye dohani moja ananasa kidogo. Mwenye dohani tatu ananasa sana. Mwenye dohani kumi huyo ndiye mwanamazingira.

(Meneja wa kiwanda anapiga makofi akiwa amesimama. Fundi wa tanuri, kaka yake Mama Dobi, anaonekana akihesabu kwa vidole.)

Nitoe takwimu. Katika robo ya kwanza ya utekelezaji tulinasa asilimia arobaini ya hewa ya ukaa ya kiwanda hiki. Katika robo ya pili tukanasa asilimia sitini na tatu. Ukijumlisha unapata asilimia mia moja na tatu, maana yake tumeshanasa hewa yetu yote pamoja na asilimia tatu ya jirani, ambaye mpaka leo hajatushukuru.

(Sauti ya mwanamke: "Mmenasa robo mbili na mtambo unazinduliwa leo?")

Swali zuri, na jibu lake liko ukurasa wa nne, ambao ndio huu. Katika kipindi hicho mtambo ulikuwa katika hatua ya utendaji wa kinadharia. Kwenye karatasi ulifanya kazi bila kusimama, mchana na usiku, bila fundi, bila mafuta, bila kelele. Hakuna mtambo duniani wenye rekodi kama hiyo. Ni pale unapoutoa kwenye karatasi ndipo matatizo huanza.

(Kikohozi kirefu. Jenereta dogo linaloendesha kipaza sauti, nyuma ya jukwaa, limetoa moshi mzito wa buluu unaopita juu ya viongozi na kwenda kutua kwenye shuka.)

Samahani. Huo mnaouona si moshi wa kawaida. Ni moshi wa mpito. Kama mnavyojua, umeme haupo tangu jana jioni. Niliagiza tanuri lizimwe ili Mheshimiwa Mkaguzi aione dohani ikiwa safi, na kwa kuwa kipaza sauti nacho kinataka umeme, tumelazimika kukodi jenereta. Katibu alipendekeza tuihesabu hewa ya jenereta katika ripoti. Nikamwuliza, Katibu, wewe unafanya kazi upande gani?

(Kicheko cha mstari wa kwanza. Mtu mmoja anasimama katikati ya umati. Amenyolewa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili una nywele nyingi. Anasema: "Mzee, umeme ulikatika mashine ikiwa kichwani kwangu. Nimelala hivi. Leo ninaposa." Kinyozi, aliyekaa kando yake: "Nilimwambia avae kofia.")

Keti, ndugu yangu, keti. Huyu, mabibi na mabwana, ni mfano hai. Upande huu wa kichwa chake ni jana yetu, kichaka kitupu. Upande huu ni kesho yetu, safi, inang'aa. Na wakwe zako wakikuuliza, waambie kwamba uko katika awamu ya kwanza.

(Kicheko. Hata Mkaguzi anatabasamu, kisha anaandika kitu kwenye daftari lake.)

Sasa nirudi kwa Mama Dobi, kwa sababu hotuba inasema nirudi. Mama, wewe ni mdau namba moja wa hewa. Hakuna mtaalamu mshauri aliyeitazama dohani hii kwa miaka kumi na minane kama ulivyoitazama wewe ukiwa na nguo mkononi. Simama, utueleze kwa kifupi, kwa dakika moja, namna utakavyofurahi.

(Mama Dobi anasimama. Ni mwanamke mfupi, ngozi ya mikono yake imejikunja kwa maji. Anasema:

"Shikamoo, baba. Nami nina takwimu zangu. Nilipoanza kazi, shuka jeupe nililisuuza kwa maji mawili likatakata. Mlipobadilisha makaa mkaleta haya ya sasa, yakawa maji matatu. Sasa ni maji matano, na bado pindo linabaki kijivu. Kuanika ninaanika saa nane mchana, zamu zinapopokezana, kwa kuwa wanaotoka wameshaacha kutia makaa na wanaoingia bado wanavua mashati. Nina nusu saa. Nikichelewa, nafua upya. Hayo ni ya nguo. Nguo zinafulika. Mama mkwe wangu ana kifua. Halali chali wala ubavu. Analala ameketi, ameegemea ukuta, mwaka wa nne sasa. Yeye siwezi kumsuuza. Hewa hiyo isiyoonekana mimi siijui, lakini najua inatoka kwenye tundu lilelile unakotoka moshi. Kwa hiyo nataka kuuona huo mtambo. Nikiuona unafanya kazi, bahasha nitakupa kwa mikono miwili. Shuka hilo mlilofunikia nimelifua mimi, kwa maji matano, wala sitaki chochote. Nataka kuona tu."

Makofi marefu, yote kutoka mstari wa pili kurudi nyuma.)

Ahsante, mama, kwa shukrani zako. Hilo la maji matano Kamati imelipokea kama ongezeko la asilimia mia moja na hamsini katika sekta ya usuuzaji, ambayo ni ajira. Na hilo la mama mkwe, mfikishie salamu zangu. Kulala ameketi si jambo baya. Mimi nimehudhuria vikao kwa miaka ishirini na mbili na karibu usingizi wangu wote nimeupatia kwenye kiti.

(Mguno. Wifi: "Huyu mtu ana mama kweli?" Mama Dobi anakaa. Bahasha imerudi kwapani.)

Kuhusu kuona, sasa niseme jambo la kisayansi, nanyi mnisikilize kwa makini. Hewa ya ukaa haionekani. Hilo tumekubaliana. Kitu kisichoonekana kikinaswa, kunaswa kwake hakuonekani. Kikihifadhiwa, kuhifadhiwa kwake hakuonekani. Kwa hiyo mtu anayedai kuuona mtambo ukifanya kazi anadai jambo ambalo sayansi yenyewe haiwezi kumpa. Mtambo wa zamani, wa teknolojia ya chini, utauona unatetemeka, unatoa joto, unapiga kelele. Mtambo wa kisasa unakaa kimya. Tazameni dohani! Mnaona moshi?

(Umati: "Hapana!")

Mnaona hewa ya ukaa?

(Umati, kwa kusitasita: "Hapana.")

Basi mnataka ushahidi gani tena?

(Fundi wa tanuri anainua mkono: "Mzee, hakuna moshi kwa sababu hakuna moto. Mimi ndiye niliyeuzima. Nina barua yako." Meneja: "Keti, fundi." Fundi: "Naketi, bosi, lakini barua ninayo.")

Fundi amethibitisha kwamba maagizo yanafuatwa. Ninampongeza.

(Mkaguzi anainua kalamu na kuuliza bila kusimama: "Mwenyekiti, hewa ikishanaswa inakwenda wapi?")

Chini, Mheshimiwa.

("Chini wapi?")

Chini kabisa. Inapita kwenye bomba hilo unaloliona, inaingia ukutani, inashuka ardhini, inapita tabaka la udongo, tabaka la mawe, tabaka ambalo mtaalamu mshauri alilitaja jina lake nami nikaliandika kwenye karatasi iliyopotea, na huko inakaa. Haitoki. Imewekewa utaratibu wa kutotoka.

("Kuna kipimo kinachoonyesha kiasi kilichoshuka?")

Kuna kamati, Mheshimiwa.

(Mkaguzi anaandika kwa muda mrefu. Umati unamtazama akiandika. Masizi madogo ya jenereta yameanza kuonekana kwenye shuka, kama pilipili manga. Mama Dobi anayatazama.)

Naona saa inakwenda. Ni saa tano na nusu, na kibali, kama nilivyosema, kinakwisha saa sita. Hivyo naomba tuitikie kaulimbiu kwa sauti moja. Mimi nikisema "Kaboni," nyinyi mtasema "Inaswe!" Kaboni!

(Mstari wa kwanza: "Inaswe!")

Sijasikia huko nyuma. Kaboni!

(Sauti za nyuma: "Iko wapi?" Kicheko kinachoanza nyuma na kusogea mbele.)

Vizuri sana, mwamko ni mkubwa. Ukurasa wa kumi. Shukrani.

(Katibu anasimama ghafla, anatikisa kichwa, anapunga mikono, anafanya ishara ya kukata shingo. Mwenyekiti anamtazama.)

Katibu ananikumbusha nisiruke mtu. Sitaruka. Orodha hii ameiandaa yeye mwenyewe leo asubuhi kutoka katika daftari la kazi, kwa uaminifu, kila aliyefanya kazi kwenye mradi huu na kazi aliyoifanya, na imegongwa mhuri.

Kwanza kabisa, ninamshukuru mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyetuazima tangi la maji la wanafunzi ili lisimame hapa kama sehemu ya mtambo, kwa makubaliano kwamba tutalirudisha kabla ya saa saba, kwa kuwa watoto hawana maji ya kunywa.

(Mwalimu mkuu, katika mstari wa tatu, anajifunika uso kwa daftari.)

Pili, ninamshukuru fundi bomba, aliyelichomeka bomba ukutani kwa kina cha kiganja kimoja, akaliziba kwa tambara ili panya wasiingie.

(Mtu anapiga kelele: "Kiganja kimoja ndiyo chini kabisa?")

Tatu, ninamshukuru seremala, aliyetoa ubao mmoja tukaweka herufi za chuma zinazosema "Hatari, Usikaribie," herufi ambazo zimeokoa maisha ya mradi huu kuliko kitu kingine chochote.

Nne, na hapa naomba makofi ya pekee, ninamshukuru mchoraji wa vibao, ambaye kwa siku mbili tu, kwa kopo moja la rangi ya kijani, ameuchora mlango wa mtambo kwenye ukuta huu, pamoja na kitasa, bawaba, na kivuli cha kitasa, kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe, leo alfajiri, nilipokuja kukagua, niliushika ili niufungue.

(Mwenyekiti anakitazama kiganja chake. Anakitazama kwa muda. Umati wote unakitazama pamoja naye.

Mama Dobi anasimama. Anapita katikati ya waheshimiwa, anapanda jukwaani, hamtazami mtu. Anashika pindo la shuka, analivuta, linaanguka. Nyuma yake kuna ukuta, na juu ya ukuta kuna mlango wa kijani uliochorwa vizuri sana. Kwenye kitasa, rangi imetoka mahali pa vidole vitano.

Mama Dobi anakunja shuka kwa utaratibu, mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, kama anavyokunja ya wateja. Anasema, si kwa kipaza sauti, lakini wote wanasikia: "Limeshaingia masizi. Hili sasa ni maji sita."

Halafu anashuka, anakwenda mpaka alipoketi Mkaguzi, anaitoa bahasha kwapani na kumpa kwa mikono miwili.

"Ni yako, baba. Dole gumba mia tatu na tisa. Lakini nakuomba jambo moja kabla hujaifungua."

"Jambo gani, mama?"

"Usiondoke upesi. Wewe ukiondoka, moto unawashwa. Kaa hapa mpaka nguo zikauke."

Mkaguzi anaitazama dohani. Anaitazama saa yake. Anaifunika kalamu yake, anaiweka mfukoni, na kuegemea kiti. Wifi yake Mama Dobi amekwisha simama: "Mnangoja nini, nyinyi? Leo hakuna nusu saa, leo ni kutwa nzima!" Viti vinainuliwa. Kichochoro chote kinaondoka kwa mbio.)

Waheshimiwa, bado ukurasa mmoja. Naomba utulivu. Ukurasa wa kumi na moja.

(Mwenyekiti anakohoa. Jenereta linakohoa pia. Katibu ameketi chini, ameinamisha kichwa kati ya magoti.)

Tano, ninamshukuru Mama Dobi, ambaye sasa hivi, mbele ya macho yenu, akiwa na machozi ya furaha, amenikabidhi bahasha yake.

(Hakuna bahasha mkononi mwake. Anasoma bila kuinua macho.)

Sita, ninamshukuru Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu kwa kutia saini kibali cha miaka ishirini, na ninamtakia safari njema ya kurudi makao makuu.

(Mkaguzi, akiwa ameketi palepale, anaomba maji ya kunywa. Mwalimu mkuu anakwenda kufungulia tangi.)

Saba, ninawashukuru nyote kwa kunisikiliza kwa utulivu na upendo. Makofi, makofi mengi, inama kidogo, subiri gari la mgeni lipite kona.

(Mwenyekiti anainama kidogo. Anasubiri. Ng'ambo ya ukuta, kwenye kamba za kichochoro, mashuka meupe yanapanda moja baada ya jingine, na katikati yao, mlangoni, mwanamke mzee ametolewa nje na kiti chake, ameinua uso juu.)

Mstari wa mwisho. Sasa kwa kuwa mgeni ameshaondoka, fundi, washa moto.

(Fundi wa tanuri anamtazama Mkaguzi. Mkaguzi anamtazama Mwenyekiti. Fundi anaitoa barua mfukoni, anaiweka juu ya daftari la Mkaguzi, kisha anavua shati lake la kazi, lililojaa masizi, na kulitupia kwenye bega.

"Dada!" anaita juu ya ukuta. "Bado kuna nafasi kwenye kamba?")